Mama ana mshahara wake: kisa cha ritani iliyomweka mama mtegemezi kimakosa

Dada huyu hakunitafuta kwa ajili ya kodi, alinitafuta kwa ajili ya baba yake. Yeye ni raia wa Marekani, anaishi Houston, anafanya kazi ya CNA, yani msaidizi wa wauguzi, na yeye ndo alimleta mama yake kwa green card toka 2022 na sasa alikuwa kwenye hatua za kumleta na baba ambaye bado yuko Tanga. Fomu ya kumdhamini mtu, ile I-864, inataka uambatanishe ritani yako ya kodi, yani fomu ya mapato na kodi ya mwaka, ya mwaka wa karibuni pamoja na W-2, karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, basi akaniomba nipite nyumbani nimwangalizie tu kama karatasi zimetimia. Mi huwa najitolea msimu wa kodi kwenye vituo vya VITA, ule mpango wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wa kufailia watu bure, yani kuwajazia na kuwapelekea ritani, ndo maana watu wa kwetu wananijua. Lakini hii ilikuwa Septemba 2025, msimu umeshapita, nimekwenda kama ndugu tu.

Nimeshamsalimia mama, chai imekuja, dada ananitolea bahasha. Ukurasa wa kwanza wa 1040, fomu yenyewe ya ritani, ya mwaka 2024 nauona: hali ya kufaili imewekwa alama kwenye mkuu wa kaya (mtu asiye na ndoa anayebeba mtegemezi), na chini kwenye wategemezi kuna jina moja, la mama. Kwenye krediti, yani kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi yenyewe, kuna dola 500. Sasa hapo hakuna kosa bado, watu wengi wanamweka mama au baba kihalali kabisa, kwa hiyo nikauliza swali moja tu, mwaka 2024 mama alikuwa anafanya kazi?

Mama mwenyewe ndo akajibu kutoka jikoni. "Nilianza mwishoni mwa Agosti mwanangu, jikoni kwenye nyumba ya wazee." Akafuta mikono akaingia chumbani, akarudi na kibahasha, ndani yake peisilipu ya mwisho wa Desemba imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kukatika. Ameitunza manake ndo mwaka wake wa kwanza kupata mshahara Marekani. Akainyoosha mezani kwa kiganja. Nikatafuta ile safu ya jumla ya mwaka, iko pembeni kabisa upande wa kulia: 7,430.00.

Nikajua tayari kuna kazi ya kufanya, na dada akaniona usoni.

"Kaka kuna nini?"

Nikamwambia kwamba mama yake hakutakiwa kuwekwa mtegemezi mwaka ule. Na hapa naomba niseme ukweli, sikutegemea itamuuma vile. Alinyamaza kwanza, alafu akaanza kunihesabia kwa vidole: mama anakaa kwangu, anakula kwangu, dawa zake za presha nanunua mi, simu yake nalipa mi, bima nimehangaika nayo mi, sasa mtegemezi wa nani kama si wangu? Hao wanataka kusema simlishi mama yangu?

Hili ndo swali lenyewe na sioni kama ni swali la ujinga. Neno mtegemezi kwetu lina maana yake na kila mtu anaijua, ni yule unayembeba. Ukilala unamuwaza, ukipata unampa. Mzazi akiuza vitumbua asubuhi akapata cha kununulia sabuni hajaacha kuwa mtegemezi wako, hamna mtoto atakayesema kuanzia leo mama simjui. Lakini IRS wanatumia neno hilohilo kwa kitu kingine kabisa, wao mtegemezi ni mtu aliyepita masharti fulani kwa mwaka fulani, na mwaka unaofuata anapimwa upya kama vile hamjawahi kuonana. Watu wetu wengi wanaingia kwenye kosa hili na mioyo yao ikiwa misafi kabisa, wanaulizwa unaishi na nani, unamlisha nani, wanajibu ukweli mtupu, na ritani inatoka na kosa.

Masharti yenyewe kwa mtu mzima kama mama yanaenda hivi. Kwanza awe ndugu wa aina inayotambulika, na mzazi anatambulika tena hata asipokaa na wewe (binamu ni tofauti, yeye lazima awe amekaa kwako mwaka mzima). Awe raia au mkaazi wa Marekani kisheria, mama ana green card, amepita. Wewe uwe umebeba zaidi ya nusu ya gharama zake za kuishi za mwaka, hapo dada kapita bila wasiwasi, tulipiga hesabu ya kodi ya nyumba, chakula, dawa, umeme, na mama mshahara wake wa miezi ile minne mwingi aliutuma Tanga. Alafu kuna la mwisho, mapato yake ghafi ya mwaka yawe chini ya kiwango kilichowekwa, na kwa mwaka 2024 kiwango kilikuwa dola 5,050. Mama ana 7,430.

Basi. Ukipita yale matatu ukafeli hilo moja umefeli yote. Hamna nusu mtegemezi, hamna kusema alifanya kazi miezi minne tu.

Na neno mapato ghafi lishike vizuri, ni kabla ya kukatwa chochote, sio kile kinachoingia benki. Nimeshaona mtu anasema mama yangu alipokea dola 4,700 kwenye akaunti kwa hiyo yuko chini, kumbe ghafi ni 5,300. Na kwa mama mwenye green card mapato ya nyumbani nayo yanahesabika, kama ana vyumba vyake vya kupangisha Tanga au Mombasa kodi anayopokea inaingia humo, na inaingia yote kabla hujatoa fundi wala rangi. Mama huyu hana vyumba, lakini niliuliza, na nawe uulize kabla hujamwandika mzazi.

Ritani ile ilifailiwa Februari 2025 na kijana mmoja wa hukohuko kwenye magorofa yao, mtu wa kwetu, anafanyia watu sebuleni kwake. Alichukua dola 200 taslimu. Alimuuliza dada unaishi na nani, dada akasema na mama, akasema basi tumuweke mama utapata zaidi. Hakuuliza mama anafanya kazi au la. Nikafungua ukurasa wa pili wa 1040 kwenye sehemu ya chini ya mtayarishaji, patupu, hamna saini hamna namba. Sheria inamtaka mtu yeyote anayelipwa kutayarisha ritani asaini na aandike namba yake ya PTIN, ile ya utayarishaji inayotolewa na IRS, na akimpa mteja hali ya mkuu wa kaya au krediti ya mtegemezi kuna fomu ya 8867 ya kuonyesha kwamba aliuliza maswali yanayotakiwa. Mtu ambaye hasaini, ritani inaonekana umejifanyia mwenyewe, na saini iliyobaki pale ni yako peke yako. Wao IRS wenyewe wanawaita watayarishaji hewa. Mi nilimwambia dada kuna fomu ya malalamiko, 14157, na kwamba naona kabisa aipeleke kwa sababu huyu kijana amefanyia jengo zima. Akasema atafikiria, yule kijana anamjua mama yake. Sikumlazimisha, ila maoni yangu hayajabadilika.

Sasa hesabu. Dada alidhani akirudisha zile 500 mambo yameisha, na hapa ndo watu wengi wanashtuka, kwa sababu mama akiondoka kwenye orodha haondoki peke yake, anaondoka na ile hali ya mkuu wa kaya. Dada hajaolewa na hana mtoto, aliyekuwa anamfanya awe mkuu wa kaya ni mama tu. Akitoka mama, dada anarudi kuwa single.

Mshahara wa dada 2024 ulikuwa dola 46,200. Mkuu wa kaya mwaka ule alikuwa anaondolewa 21,900 kabla ya kodi kupigwa, single anaondolewa 14,600, tofauti ni 7,300, na hizo zote zinarudi kuwa mapato yanayotozwa kodi. Zamani ilionekana anatozwa kwenye 24,300, kodi 2,588, toa 500 za krediti inabaki 2,088. Ukweli ni kwamba anatozwa kwenye 31,600 na kodi yake ni 3,563, na krediti hamna. Toa 2,088 kwenye 3,563 unapata 1,475. Yani mia tano ni krediti na 975 nyingine ni ile hali ya kufaili, ambayo hakuna mtu aliyemwambia kwamba nayo inasimama juu ya mabega ya mama.

Kazini alikatwa 3,640 kwa mwaka mzima. Rifandi aliyopata Machi ilikuwa 1,552, rifandi aliyostahili ilikuwa 77. Alikaa anaiangalia ile namba 77 muda.

Alafu akasema kitu ambacho kilimfanya mama aache kuosha vyombo. "Kwa hiyo bora mama asingefanya kazi."

Nikamwambia ngoja tupige hesabu na hiyo, tusiiache hewani. Tuseme mama angeacha kazi alipofika dola 5,000, angebaki mtegemezi, na dada angebaki na zile 1,475. Lakini mama angepoteza 2,430 za mshahara. Hata ukitoa makato ya Social Security na Medicare nyumba inakuwa imepoteza, sio imeokoa. Na zaidi ya hela, mama anahitaji zile robo za kazi (robo mwaka zinazohesabiwa kwa ajili ya pensheni) kwenye rekodi yake ya Social Security, ana miaka 58, kila mwaka wa kazi una maana kwake. Mama hakusema kitu, alirudi kwenye sinki, lakini nilimwona amesimama wima zaidi.

Sasa nikauliza mama naye alifaili? Akasema ndio, kijana yuleyule, dola 60 nyingine. Ikatoka bahasha ya pili. Na humu ndo nilipokuta kitu ambacho kama tungemwangalia dada peke yake kingepita hivihivi.

Kwenye 1040 juu kuna kisanduku kinachosema mtu mwingine anaweza kukuweka kama mtegemezi. Kwa mama kilikuwa kimewekwa alama. Kijana alilazimika kukiweka, asipokiweka ritani mbili zingegongana kwenye mtandao na moja ingekataliwa. Kwa alama hiyo moja mama alirudishiwa kodi aliyokatwa tu, dola 256, na akanyimwa krediti ya mapato ya kazi, EITC, kwa sababu mtu anayewekwa mtegemezi na mwingine haipati. Watu wanajua EITC ni ya wenye watoto, lakini ipo na ya asiye na mtoto, ni ndogo, kwa 2024 ilikuwa inafika mpaka dola 632, unatakiwa uwe na miaka kuanzia 25 na chini ya 65, uwe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi, uwe umeishi Marekani zaidi ya nusu ya mwaka, na kama uko peke yako mapato yawe chini ya 18,591. Mama anapita kote. Kwa mapato ya 7,430 krediti yake ni dola 568.

Kwa hiyo kosa lile lilimpa dada 1,475 ambazo si zake na likamnyima mama 568 ambazo ni zake. Nilipomweleza mama alirudia mara mbili, "Zangu mimi?" Zako wewe mama, kwa kazi yako.

Tukaamua ya dada iende kwanza. Fomu ya kurekebisha ni 1040-X. Wao ndo walikaa kwenye kompyuta na programu yao, mi nasoma na kuelekeza, sikutaka kuingiza mkono wangu kwenye ritani ya mtu nje ya kituo. Kitu cha kwanza ambacho kilitula karibu saa nzima ni kuingiza ritani ya zamani kama ilivyokuwa, na makosa yake yote, kwa sababu 1040-X ina safu tatu, A ni ulichoandika mwanzo, B ni mabadiliko, C ni kilicho sahihi, na kama A yako haifanani na ile IRS waliyonayo unajitafutia barua. Tulikuwa na nakala. Ukikosa nakala ingia kwenye akaunti yako ya IRS uchukue transkripti, yani muhtasari wa rekodi yako ya kodi, usianze kwa kumbukumbu.

Ikawa hivi, mstari wa kiasi kisichotozwa kodi A 21,900, B tumetoa 7,300, C 14,600. Mapato ya kutozwa A 24,300, B ongeza 7,300, C 31,600. Kodi A 2,588, B 975, C 3,563. Krediti A 500, B toa 500, C sifuri. Kuna mstari mmoja unawachanganya watu, unauliza ritani ya mwanzo ilionyesha umelipa zaidi kwa kiasi gani, pale unaandika ile rifandi ya zamani nzima, 1,552, na ndo fomu inajua kwamba hela ile ulishaipokea. Mwisho anadaiwa 1,475. Tukafuta jina la mama kwenye wategemezi, tukabadilisha hali ya kufaili kuwa single.

Sehemu ya maelezo dada aliandika aya nzima, kamwaga roho yake yote, jinsi anavyomtunza mama, jinsi kijana alivyomdanganya. Nikamwambia dada punguza, anayesoma pale anataka kujua nini kimebadilika na kwa nini. Ikabaki sentensi tatu: nimemwondoa mama yangu kama mtegemezi kwa sababu mapato yake ghafi ya 2024 yalikuwa 7,430, yamezidi kiwango cha 5,050. Kwa sababu hiyo sistahili hali ya mkuu wa kaya na nimebadilisha kuwa single. Krediti ya dola 500 imeondolewa.

Akalipa palepale, kupitia Direct Pay, njia ya IRS ya kulipa mtandaoni, unachagua malipo ni ya ritani iliyorekebishwa na mwaka 2024, hela inatoka benki. Alitumia akiba ya kesi ya baba. Hilo lilimuuma kuliko yote na mi liliniuma. Ningeweza kumwambia asubiri barua ndo alipe, IRS wana mpango wa kulipa ndani ya siku 180 bila ada ya kufungua, lakini riba ilikuwa inatembea kila siku toka 15 Aprili kwa asilimia 7 kwa mwaka, na alikuwa nayo hela, akaona amalize.

Faini ndo alikuwa anaiogopa. Ukweli ni kwamba kuna faini ya asilimia 20 ya kodi iliyopungua pale IRS wakiona umefanya uzembe, kwake ingekuwa dola 295. Lakini ukirekebisha mwenyewe kabla hawajakufikia kwa uchunguzi, kile kiasi ulichoongeza kinahesabika kama ulikionyesha toka mwanzo na faini hiyo haipandi. Ndo maana nilimsukuma tumalize Jumamosi ileile, tarehe 20. Wakikushika wao na wakaona ulipuuza sheria makusudi, wanaweza kukufungia krediti ya wategemezi miaka 2, na ikiwa ni udanganyifu miaka 10. Huyu dada wala hakuwa huko, alikosea kwa kupotoshwa, lakini kukosea kwa kupotoshwa hakukufanyi usiwe na deni.

Ya mama tulituma wiki iliyofuata, ya dada ikiwa imeshapokelewa. Ni fupi, kisanduku kimeondolewa alama, krediti ya mapato ya kazi B 568 C 568, maelezo sentensi mbili. Mama alikuwa na muda mpaka Aprili 2028 kuidai, miaka mitatu inahesabiwa toka mwisho wa kufaili, lakini ya nini kusubiri.

Wakati tunasubiri dada akaniuliza la baba. Alitaka kujua, kwa kuwa sasa mama hayumo, je mwaka huu amuweke baba? Anamtumia baba hela kila mwezi, risiti zote zipo kwenye simu. Hapana. Mtegemezi lazima awe raia wa Marekani au mkaazi wake kisheria, au mkaazi wa Canada au Mexico. Aliye Tanga, Bujumbura au Bukavu haingii hata umtumie mshahara wote, na nimeona watu wanajaribu kumwombea mzazi namba ya ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security) kwa ajili hiyo wakiamini ndo njia. Sio njia, sharti lenyewe la ukaazi halijapita. Nasema hivi nikijua ni watu wangapi wanabeba wazazi nyumbani bila hata senti moja ya kupunguziwa.

Na kuna jambo lilimshangaza dada na mimi nikapenda alivyolielewa. Kwenye I-864 unahesabu ukubwa wa kaya yako, na mama kule bado anahesabika, sio kwa sababu ya ritani ila kwa sababu dada alimdhamini kwa fomu hiyohiyo 2022 na udhamini ule bado uko hai, mpaka mama awe raia au afikishe robo 40 za kazi na mengine kama hayo. Kwa hiyo dada, mama na baba ni watu watatu, na kwa 2025 asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa watu watatu ilikuwa dola 33,312, dada ana 46,200, anapita vizuri. Akasema, yani kaka, uhamiaji wanasema mama ni mzigo wangu, kodi wanasema si mtegemezi wangu, na wote ni serikali moja? Ndio dada. Kila ofisi inasoma sheria yake, na wewe unajaza kila fomu kwa maswali yake yenyewe, usibebe jibu la fomu moja ukaliweka kwenye nyingine. Kosa la ritani lilianzia hapohapo.

IRS wanasema ritani ya kurekebisha inachukua wiki 8 mpaka 12 na inaweza kufika 16. Wiki tatu baada ya kutuma unaweza kuifuatilia kwenye tovuti yao. Oktoba serikali ikafungwa, IRS nao wakapunguza watu, dada akawa ananipigia karibu kila siku na mi sina jipya la kumwambia. Desemba transkripti ya akaunti yake ikaonyesha mistari miwili tuliyokuwa tunaisubiri, namba ya msimbo 977 kwamba ritani ya kurekebisha imeingia, na 290 kwamba kodi ya ziada imewekwa, 1,475.00, na malipo yake pale chini yameshaigusa. Ikaja barua ya riba, karibu dola 45, riba ilikuwa imesimama siku aliyolipa. Akalipa jioni ileile. Faini hamna.

Kwa nyumba nzima ukijumlisha, 1,475 zilizorudi na 45 za riba, toa 568 za mama, ni kama dola 950 zimetoka. Sio hela kidogo kwa watu wa mshahara. Na ukiongeza zile 260 alizolipwa kijana inafika 1,200 na kidogo.

Karatasi za baba zikaenda na transkripti mpya, ritani ya mwanzo na nakala ya 1040-X nyuma yake, tuliona ni bora afisa aone vyote viwili kuliko aone kimoja akakutana na kingine mwenyewe.

Ya mama iliingia Januari, dola 568 moja kwa moja kwenye akaunti yake. Februari tukakutana tena, safari hii kituoni, W-2 mbili mezani, mama sasa anafanya kazi mwaka mzima kwa hiyo hakuna hata cha kujadili. Nilipofika kwenye lile swali kwamba kuna mtu mwingine anaweza kukuweka kama mtegemezi, nikamgeuzia skrini mama asome mwenyewe, nikamtafsiria. Akamwangalia binti yake, alafu akaniambia, "Weka hapana, mwanangu."